Jozi sita za Mwanza: namna ya kujua kama dawa imefanya kazi au ni bahati tu

Ndugu mkulima, na wewe mfanyabiashara wa kijijini, kila msimu unapokaribia swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Bwana shamba, hii busta mpya inafanya kazi kweli?" Anayeuliza huwa ameshapewa jibu dukani. Ameambiwa kwamba fulani wa kijiji cha pili aliipiga kwenye mahindi, akavuna magunia mengi kumzidi jirani yake. Na mara nyingi habari hiyo si uongo. Fulani yupo, na mahindi yake yalikuwa mazuri kweli. Tatizo ni kwamba shamba la fulani liko bondeni, la jirani liko kwenye luseni. Fulani alipanda mvua za kwanza, jirani alisubiri ng'ombe wa kulimia wiki mbili nzima. Sasa yale magunia yameongezwa na busta au na bonde?

Leo sitajibu swali la busta. Nitakusimulia jambo lililofanyika hapa hapa mkoani Mwanza miaka ya tisini, wakati Geita bado ilikuwa wilaya ya Mwanza. Ni habari ya ugonjwa wa binadamu, lakini swali lililoulizwa ni lile lile la dukani: dawa imefanya kazi au ni bahati tu? Wale walioliuliza walilijibu kwa njia ambayo mkulima yeyote mwenye mizani na daftari anaweza kuiiga.

Hali ilivyokuwa

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera. Wazee watakumbuka kwamba kule waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivushwa kwa magendo mpakani. Kufika mwanzoni mwa miaka ya tisini ugonjwa ulikuwa umeshaenea Mwanza. Upimaji wa watu wazima uliofanyika mkoani wakati huo ulikuta virusi kwa asilimia 11.8 mjini, asilimia 7.3 kwenye vituo vya barabarani, na asilimia 2.5 vijijini ndani. Dawa za kufubaza virusi hazikuwepo. Aliyeugua alirudishwa nyumbani.

Wataalamu walikuwa wameona jambo moja kwenye kliniki: watu wenye kisonono, kaswende au vidonda sehemu za siri walikutwa na virusi vya UKIMWI mara nyingi kuliko wengine. Hapo palikuwa na maelezo mawili. La kwanza, kidonda au uchafu ule unaufungulia mlango ugonjwa mkubwa, kwa hiyo ukitibu kisonono unafunga mlango. La pili, ni watu wale wale tu wenye wapenzi wengi wanaopata vyote viwili, na kutibu kisonono hakutabadilisha chochote kwa UKIMWI. Kwa kuangalia kliniki peke yake huwezi kujua lipi ni la kweli, kama vile huwezi kujua kwa kuangalia shamba la fulani kama ni busta au bonde.

Kuanzia mwaka 1991 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), AMREF, Wizara ya Afya na London School of Hygiene and Tropical Medicine walianza kulijaribu. Mpango wenyewe haukuwa wa ajabu. Watumishi wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, bila kusubiri maabara ambayo haikuwepo. Dawa zilihakikishwa zinafika na haziishi. Wasimamizi walipita mara kwa mara, na wananchi walihamasishwa waje kutibiwa mapema. Dawa zipo, mhudumu anajua, msimamizi anapita. Wewe unayejua zahanati zetu unajua kwamba hayo matatu yakikutana ni kazi kubwa.

Wakapanga jozi

Walichagua maeneo 12. Kila eneo lilikuwa kituo cha afya pamoja na zahanati zinazokizunguka. Wangeweza kuchukua maeneo sita yoyote yakapewa huduma, na mengine sita yakasubiri. Lakini fikiria kidogo. Kama bahati ingeangusha maeneo ya barabarani upande mmoja na ya ndani upande mwingine, matokeo yangekuwa kama ya fulani na jirani yake. Barabarani, virusi vilikuwa karibu mara tatu ya vijijini.

Kwa hiyo waliyapanga maeneo kwa jozi. Eneo la barabarani lilipewa mwenzake wa barabarani, la kando ya ziwa mwenzake wa kando ya ziwa, la kisiwani mwenzake wa kisiwani, la ndani mwenzake wa ndani. Waliangalia pia ukaribu wa kijiografia, na idadi ya wagonjwa wa zinaa waliokuwa wakifika kituoni kabla ya mpango. Zikapatikana jozi sita. Halafu, ndani ya kila jozi, bahati nasibu ndiyo iliyoamua nani aanze kupata huduma na nani awe wa kulinganishwa. Si mwanasiasa, si daktari, si eneo lililo karibu na ofisi.

Katika kila eneo walichukua watu wazima wapatao 1,000 wa umri wa miaka 15 hadi 54, jumla watu 12,537, wakawapima. Baada ya miaka miwili wakawafuata tena. Walipatikana asilimia 71. Wengine walikuwa wamehama, wamesafiri au wamefariki. Kisha wakahesabu: kati ya wale walioanza bila virusi, wangapi wamepata?

Haya ndiyo matokeo ya jozi zote sita. Namba ya kwanza ni eneo lililopewa huduma, ya pili ni mwenzake:

Jozi ya 1: watu 5 kati ya 568 (asilimia 0.9), mwenzake 10 kati ya 702 (1.4).
Jozi ya 2: watu 4 kati ya 766 (0.5), mwenzake 7 kati ya 833 (0.8).
Jozi ya 3: watu 17 kati ya 650 (2.6); mwenzake 20 kati ya 630 (3.2).
Jozi ya 4: watu 13 kati ya 734 (1.8), mwenzake 23 kati ya 760 (3.0).
Jozi ya 5: watu 4 kati ya 732 (0.5), mwenzake 12 kati ya 782 (1.5).
Jozi ya 6: watu 5 kati ya 699 (0.7), mwenzake 10 kati ya 693 (1.4).

Jumla, 48 kati ya 4,149 upande wa huduma, na 82 kati ya 4,400 upande wa pili. Asilimia 1.2 dhidi ya 1.9.

Usiipite orodha hiyo haraka. Chukua eneo lililohudumiwa la jozi ya 3, lenye asilimia 2.6, ulilinganishe na eneo lisilohudumiwa la jozi ya 2, lenye asilimia 0.8. Ukiwa na hayo mawili tu mkononi utasema dawa za zinaa zimeongeza UKIMWI mara tatu! Sasa chukua lililohudumiwa la jozi ya 5 (0.5) ulilinganishe na lisilohudumiwa la jozi ya 4 (3.0). Utasema dawa imepunguza ugonjwa mara sita. Namba zote hizo ni za kweli, na maneno yote mawili ni ya ovyo. Muuzaji wa busta hana haja ya kukudanganya. Anachagua tu fulani gani na jirani gani wa kukutajia.

Nilipoichukua orodha hii na kuipigia hesabu kana kwamba jozi hazipo, yaani maeneo sita huku na sita kule yakiwa yamechanganywa, nilipata kwamba tofauti kama hiyo inaweza kujitokeza kwa bahati tupu karibu mara 12 katika kila 100. Hiyo haitoshi kumwambia Waziri atoe fedha. Maeneo yenyewe yanatofautiana mno, toka nusu asilimia hadi zaidi ya tatu, kiasi kwamba kazi ya dawa inamezwa. Lakini rudisha jozi mahali pake, uangalie tofauti ndani ya kila jozi. Ya kwanza, huduma iko chini. Ya pili, chini. Ya tatu, chini. Ya nne, ya tano, ya sita, zote chini.

Sarafu ya Mwalimu

Hapa ndipo hesabu yenyewe ilipo, na haihitaji kompyuta. Chukua sarafu ya shilingi 100 yenye picha ya Mwalimu Nyerere. Tuseme dawa haifanyi kazi kabisa. Basi ndani ya kila jozi, kipi kitakuwa chini ni suala la bahati, kama kurusha sarafu hiyo. Ukirusha mara moja, Mwalimu anatokea nusu ya mara. Mara mbili mfululizo, robo. Tatu, moja ya nane. Endelea kugawa kwa mbili hadi ufike sita: moja ya 64. Ukitaka kuwa mkali zaidi, ukubali kwamba ungeshangaa vile vile kama sita zote zingeangukia upande wa pili, basi ni mbili ya 64, yaani karibu 3 katika 100.

Ukiona mtu amerusha sarafu mara sita na zote ni Mwalimu, utaanza kuitilia shaka sarafu. Ndivyo ilivyokuwa: tuliona sita kwa sita, tukaacha kuamini kwamba ni bahati.

Hesabu hiyo inatazama mwelekeo tu. Wataalamu walitumia na ukubwa wa tofauti katika kila jozi, na wakarekebisha kwa sababu maeneo hayakulingana kabisa mwanzoni, kwani virusi vilikuwa asilimia 3.8 upande wa huduma na 4.4 upande wa pili. Wakapata kwamba maambukizi mapya yalipungua kwa karibu asilimia 40, na kwamba bahati peke yake ingeleta tofauti kubwa namna hiyo mara 7 tu katika 1,000. Wakasema pia wazi kwamba punguzo halisi linaweza kuwa dogo hadi asilimia 21 au kubwa hadi asilimia 58. Hiyo napenda sana. Muuzaji gani wa pembejeo amewahi kukwambia "itaongeza mavuno, lakini pengine kidogo"? Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwezi Agosti 1995, jina la Heiner Grosskurth likiwa la kwanza na la Richard Hayes, mtaalamu wa takwimu, likiwa la mwisho. Kati yao yamo majina ya Watanzania, kama Frank Mosha, Kesheni Senkoro na John Changalucha.

Kuna jambo watu wengi hulikosa hapa. Utauliza: watu zaidi ya 8,500 walihesabiwa, kwa nini unaongelea sita? Kwa sababu huduma ilipewa maeneo, haikupewa mtu mmoja mmoja. Watu wa eneo moja wana gulio moja, mwalo mmoja, vilabu vile vile. Ukiwa na kuku 200 kwenye banda moja wakapata kideri, hujapata ushahidi mara 200, umepata ushahidi wa banda moja. Mtu akikwambia chakula chake cha kuku kimejaribiwa kwa kuku 500, muulize mabanda mangapi.

Na wale wa maeneo ya kulinganisha? Hili linauma na sitalifunika. Watu 82 walipata virusi wakati wenzao wa jozi walikuwa na dawa zahanati. Zahanati zao hazikufungwa, ziliendelea na huduma ya kawaida ya wakati ule, na baada ya utafiti mpango ulipelekwa kwao pia. Maoni yangu ni kwamba wakati wanaanza hakuna aliyejua jibu, na fedha hazikutosha kwa wote mara moja. Bila wale wa upande wa pili tusingekuwa na la kusema leo, tungebaki na fulani na jirani yake. Wapo wasiokubaliana nami, na wana sababu.

Faida ilionekana haraka. Hesabu za gharama zilizotoka mwaka 1997 zilionyesha kwamba kuzuia ambukizo moja kwa njia hii kuligharimu karibu dola 217. Kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili kukaingia katika mipango ya UKIMWI ya nchi nyingi, na jina la Mwanza likajulikana kwa madaktari ambao hawangeweza kulionyesha kwenye ramani.

Hesabu iliyozaliwa shambani

Sasa nikwambie kitu kitakachokufurahisha kama mkulima. Njia ya kupima jozi madaktari waliikopa kwetu.

Mwaka 1908 William Sealy Gosset, mtumishi wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, alichapisha hesabu ya kupima tofauti unapokuwa na sampuli chache. Kazi yake ilihusu shayiri na bia, ambako majaribio ni machache na kila moja ni ghali. Kiwanda hakikutaka wafanyakazi wake wachapishe kwa majina yao, akajiita "Student", yaani mwanafunzi, na hadi leo kipimo hicho kinaitwa hivyo. Mfano aliouweka ndani ulikuwa wa hospitali huko Michigan, Marekani: wagonjwa 10, dawa mbili za usingizi, kila mgonjwa akipimwa kwa dawa zote mbili. Yaani jozi, ila hapa mtu anakuwa mwenzake mwenyewe.

Wagonjwa wale walitofautiana sana. Mmoja dawa ya kwanza ilimwongezea saa 3.7 za usingizi, mwingine ilimpunguzia saa 1.6. Ukiwachanganya utachanganyikiwa. Gosset akaangalia kila mgonjwa peke yake: dawa ya pili ilimzidishia kiasi gani kuliko ya kwanza? Tisa walilala zaidi kwa dawa ya pili, mmoja hakuona tofauti, na wastani wa tofauti ulikuwa saa 1.58. Hapo dawa ya pili ilijitenga wazi.

Miaka michache baadaye Ronald Fisher, akifanya kazi tangu 1919 kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted nchini Uingereza, aliongeza lile la kura: usichague mwenyewe ploti ipi ipate mbolea, acha bahati iamue. Katika kitabu chake cha mwaka 1925 ndimo ilimoenea desturi ya kusema kwamba jambo linaloweza kutokea kwa bahati chini ya mara 5 katika 100 linastahili kuangaliwa. Ni desturi tu, haikushuka mlimani. Sisi Kanda ya Ziwa tunaijua njia hiyo bila kuijua: mbegu za pamba zenye jina la UK, kama UK 91, zimepewa herufi hizo kutokana na Ukiriguru, pale Misungwi, ambako ploti hupangwa bega kwa bega ili udongo usimpendelee yeyote.

Kisha ikaja Rakai

Ningeishia hapo ningekuwa kama yule muuzaji. Mwaka 1999 yalitoka matokeo ya utafiti mwingine, ng'ambo ya ziwa letu, wilaya ya Rakai nchini Uganda. Wao walikwenda mbali zaidi: waligawa dawa nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 10, hata kwa wasio na dalili, katika makundi ya vijiji 10, matano dawa na matano kulinganisha. Magonjwa kadhaa ya zinaa yalipungua. UKIMWI haukupungua. Maambukizi mapya yalikuwa 1.5 kwa kila watu 100 kwa mwaka, pande zote mbili sawasawa. Mwaka 2003 utafiti wa Masaka, pia Uganda, nao haukuona punguzo.

Je, Mwanza walikosea? Wataalamu walibishana miaka mingi. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba Rakai virusi vilikuwa vimeshaenea kwa karibu asilimia 16 ya watu wazima, wakati vijiji vya Mwanza vilikuwa asilimia 4. Ugonjwa ukishazoea kijiji, unapita hata kwa watu wasio na kisonono. Tena malengelenge ya sehemu za siri, ambayo ni ya virusi na hayasikii dawa zile, yalikuwa na sehemu kubwa zaidi Rakai. Na zahanati ya Mwanza ilikuwa wazi kila siku kwa mwenye dalili, wakati dawa ya Rakai ilipita mara moja kwa miezi 10.

Kipimo cha jozi kilisema kwamba tofauti ya Mwanza haikuwa bahati. Hakikusema kwamba itatokea kila mahali. Hayo ni maswali mawili. Busta iliyofaulu Kwimba kwenye udongo mkavu bado haijajibu lolote kuhusu Ukerewe wanakopata mvua nyingi.

Sasa shambani kwako

Watafute wenzako watano, mkawa sita. Kila mmoja atenge ploti mbili zilizo jirani, kwa mfano hatua 10 kwa 10 kila moja, zenye udongo mmoja na mteremko mmoja. Mbegu ile ile, siku ile ile ya kupanda, palizi siku moja. Rusha sarafu pale pale shambani: Mwalimu akitokea, busta inaenda kulia, asipotokea, kushoto. Usiache mwenye shamba achague, maana mkono wake utaipeleka busta kwenye upande anaoupenda bila yeye kujua. Weka mambo ya wazi kama vigingi, na uandike kwenye daftari siku hiyo hiyo.

Siku ya mavuno pima kila ploti peke yake, mahindi yakiwa yamekauka sawa. Ikiwezekana apime mtu ambaye hajui ploti ipi ilipigwa nini. Ng'ombe wakiingia ploti moja, ondoa jozi nzima, na uandike sababu. Lakini usiondoe jozi kwa sababu tu jibu lake halikukupendeza.

Halafu hesabu. Sita kwa sita zikielekea upande mmoja, umeona jambo. Tano kwa sita je? Hapa wengi hukimbilia kushangilia. Kati ya njia 64 za kuanguka kwa sarafu sita, njia sita zinatoa tano za Mwalimu na moja inatoa sita. Jumla saba, yaani karibu 11 katika 100. Bahati inaweza hilo bila jasho. Rudieni msimu ujao, au ongezeni wenzenu. Mkiwa 10 na tisa zikielekea upande mmoja, ni kama 1 katika 100, hapo mna la kusema. Nane kati ya 10 ni kati ya 5 na 6 katika 100, shughuli ya kubishana. Na mkiwa watatu tu, hata zote zikikubaliana ni moja ya nane. Msinunue katoni kwa hilo.

Mkiisha kuona kwamba tofauti ni ya kweli, chukueni kalamu nyingine. Tuseme busta imeongeza debe moja kwa ekari, kila jozi, bila shaka yoyote. Kama bei ya chupa na kibarua wa kupiga inazidi bei ya debe moja, busta inafanya kazi na wewe unapata hasara. Hesabu ya bahati haijui bei ya gulio la Magu. Ya mfukoni ni yako.

Kwa wewe wa dagaa mwaloni, jozi yako ni rahisi kuliko ya mkulima, maana huhitaji kusubiri mvua. Unataka kujua kama kukausha kwenye kichanja kunalipa kuliko mchangani? Chukua mzigo wa mtumbwi mmoja wa usiku mmoja, ugawe nusu kwa nusu kwa ndoo, rusha sarafu nusu ipi iende juu na ipi ichini. Fanya hivyo siku sita tofauti, kwa sababu siku moja ya jua kali au ya mvua ni banda moja la kuku. Pima uzito uliobaki baada ya kukauka, kisha peleka mafungu yote mawili kwa mnunuzi mmoja, na umwache ataje bei ya kila fungu kabla hujamwambia lipi lilikaushwa wapi.